Baba Anasikilizia Injini Usoni Mwangu

Msitaje jina langu wala mtaa wetu. Semeni tu ni msichana wa Temeke, miaka kumi na sita, kidato cha pili. Ninachoandika hapa hajakisikia mtu ila mama, hata dada yangu ninayelala naye kitanda kimoja hakijui. Nimemdanganya baba yangu mzazi, na sikutumia hata neno moja. Nilitabasamu.

Baba ni seremala, karakana yake iko Keko. Gari lake alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao Uhuru ulipokuja, na hata wakati huo lilikuwa kuukuu. Alilipendea kitu kimoja: nyuma limeundwa kwa fremu za mbao, kama samani. Majirani wanaliita Kabati. Jumapili wenzake wakicheza bao, yeye alikuwaga chini ya Kabati, na mie namshikia spana. Ufundi wake wote ulikuwa masikioni. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, halafu anasema, "Plagi ya pili imenuna."

Mwaka juzi akaugua malaria kali, akachomwa sindano za kwinini siku nyingi. Homa ilipoondoka, iliondoka na masikio yote mawili. Akaacha kucheka. Kabati likafunikwa turubai, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma, na mama akisema liuzwe, baba anatazama ukutani.

Kisha dada akachumbiwa na kijana wa Ubungo. Jumapili moja mchana, ile saa magari yamezuiwa barabarani kubana petroli na mtaa mzima uko kimya, baba akalivuta lile turubai. Akafukuza kuku, akanipa bisibisi.

"Weka sikioni," akasema, kwa ile sauti yake ya sasa ya kumwita mtu aliye ng'ambo. "Usinitazame. Wewe sikiliza tu. Mie ndo nikutazame wewe."

Mie sipendi kutazamwa. Darasani mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza nainamisha kichwa, akiniuliza kwa Kiswahili nainamisha vilevile. Sasa uso wangu ukawa masikio ya baba. Nikiukunja, anafungua kabureta upya. Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili, na sitasema nilichukia, maana mikono yetu ilikuwa inanuka grisi tena kama zamani.

Mpaka siku injini ilipokubali. Nyumba yetu ni ya wapangaji, wote wakatoka. Yuko jirani mmoja ambaye kila akipita humuuliza baba, "Mzee, Kabati linasema nini leo?" kwa kuwa anajua hasikii, na baba humjibu, "Salama, salama," watu wakacheka. Huyo naye alisimama mikono kiunoni, anangoja. Nikaweka mpini sikioni. Chini kabisa, ndani, kulikuwa na kitu kinagonga. Ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa stoo anabisha hodi. Nikainua uso. Baba ananitazama. Mama yuko nyuma yake na birika la chai mkononi, ananitazama vilevile.

Nikatabasamu.

Baba alicheka mpaka akaegemea boneti. Akamgeukia yule jirani, akamwambia taratibu, "Leo linasema limepona." Ndipo nikajua kwamba muda wote alikuwa anajua anachoulizwa. Siku hiyohiyo akapeleka ujumbe Ubungo wasihangaike kukodi gari: bibi harusi atafika na Kabati, yeye akiendesha, na mie pembeni nimguse paja kila nikisikia honi nyuma.

Harusi ni mwezi ujao. Kila jioni analiwasha, na kila jioni kule kugonga kunazidi.

Mtasema, si umwambie. Hivi nyie mnajua kumwambia kiziwi jambo la siri kukoje? Ukisema lazima upige kelele. Siku niliyomwambia sabuni imekwisha, watoto wa wapangaji waliimba "sabuni imekwisha" mpaka magharibi. Ukimwandikia, anasoma kwa sauti, kwa kuwa mwenyewe hajisikii. Niliwahi kumwandikia naomba pesa ya sidiria. Aliisoma uani, neno kwa neno, kama taarifa ya habari. Wiki nzima nilichota maji alfajiri nisionane na mtu.

Nikamnong'oneza mama. Hakuinua macho kwenye ungo wa mchele. "Mwanangu, niache kwanza nimzoee tena akicheka," akasema. "Litafika tu." Litafika kwa nini, kwa dua? Juzi dada ananisuka akaniuliza, "We si ndo masikio yake? Litafika?" Nikasema litafika. Huo ukawa uongo wa pili, na huu ulitoka mdomoni.

Nimechoka. Wote wanalishikilia tabasamu langu, na hakuna anayetaka kuniuliza nilisikia nini. Injini ikifia Barabara ya Morogoro, dada atasimama juani na shela lake, wakwe watacheka, yatapita. Ninachoogopa ni baba kujua kwamba siku ile alicheka peke yake. Hatautazama tena uso wangu. Na akilifunika lile gari mara ya pili, halifunui tena.

Basi nyie mnaosikia na mnaosikika, nisaidieni kuamua. Nimvunje moyo sasa hivi mbele ya nyumba nzima, au nimwache aje kuvunjika mbele ya wakwe? Mngekuwa mie, mngefanya lipi?

Anakuja. Makubadhi yake nayasikia tangu uani, anayaburuta hivyo kwa sababu hajui yanavyopiga kelele. Ananiita nikasikilize injini. Siku zote nilizokuwa naandika, karatasi hii nimekuwa naisukumia chini ya godoro. Leo nimeikunja nikaikunjua, nikaikunja nikaikunjua. Iko mezani, maandishi juu. Akiingia ataichukua, na nyie mmeshajua anavyosoma.