Mgongo wa Bouazza

Itto alifungwa gerezani kwa sababu alimwokoa mwanamke mwenzake, na huyo aliyeokolewa alisimama mahakamani akasema hakuona kitu. Hilo ndilo kosa lililotendeka.

Itto alikuwa msuguaji katika hamamu ya wanawake, nyumba ya kuogea kwa mvuke, katika mji mdogo ulio chini ya milima ya Atlas. Mumewe alikufa mapema, hakumwachia mtoto wala nyumba, akaingia kwenye mvuke na mvuke ukawa ndio kwake. Alivaa kitambaa chake kigumu mkononi akasugua migongo ya mji mzima: wake za wauza mafuta ya zeituni, walimu, wazazi wa arubaini, maharusi. Mtu akiwa uchi hana cheo. Itto alijua nani ana alama za mkanda mgongoni na nani anasema ameanguka kwenye ngazi. Ukiwasikiliza wake za mji ule, utadhani waume zao wote wamejenga ghorofa.

Ghizlane, binti wa Lalla Zhor, alisuguliwa na Itto mwenyewe siku ya kuolewa na Bouazza. Mwaka haukuisha, bega la bibi harusi lilikuwa na rangi ya zambarau.

"Hiyo ngazi yako," Itto alimwuliza, "inaitwa Bouazza?"

"Nyamaza, Lalla Itto, watu wanasikia."

"Wasikie! Wewe umepigwa, halafu aibu uone wewe?"

Siku ilipofika, Ghizlane alimchukua mtoto wake, akarudi kwa mama yake, akadai talaka. Bouazza akacheka kwanza. Aliposikia kuna wakili, akaacha kucheka.

Ilikuwa Alhamisi alasiri, hamamu imejaa. Bouazza alimsukuma mwanamke wa mlangoni, akapita penye nguo, akaingia mpaka chumba cha moto akiwa na viatu vyake na kisu mkononi. Wanawake walipiga yowe, na kila mmoja akaziba uso kwa viganja vyake. Uso, naam. Mengine yote wakayaacha wazi, maana mwanamme hatamtambua mtu kwa mengine.

"Toka, mbwa we!" Bouazza alimwambia mkewe. "Umenianika kwa mawakili, na mimi leo nitakuanika. Utatoka hivyo hivyo ulivyo mpaka sokoni, au hutoki kabisa."

Ghizlane alijikunyata nyuma ya Itto.

"Rudi, Bouazza," Itto alisema. "Hapa hata baba yako hakuwahi kukanyaga."

"Sogea, kikongwe, nisije nikaanza na wewe."

Akaja. Itto alikuwa ametoka kuteka ndoo kwenye birika la maji ya moto, akaitupa yote. Bouazza aliona maji yanakuja, akajigeuza, kama atakavyojigeuza yeyote mwenye ngozi, na maji yakamshika kisogoni mpaka kiunoni. Kisu kikaanguka. Nduguye alikuja kumbeba kabla ya polisi, na alipombeba yeye alikibeba na kisu.

Mahakamani Bouazza alilalia tumbo kwenye benchi, mgongo umefungwa bandeji, kama shahidi wa dini. Alisema alikuja mlangoni kumletea mkewe taulo.

"Daktari, majeraha yako wapi?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Mgongoni."

"Na mtu anayeshambulia, huwa anashambulia kwa mgongo?"

Watu wakacheka. Hata askari wa mlangoni alicheka, yeye ambaye Itto alimsugua mamake alipokuwa na mimba yake.

Mwendesha mashtaka akamgeukia Itto. "Kulikuwa na ndoo ya maji baridi hapo karibu?"

"Ilikuwepo," alijibu Itto.

"Mbona hukuichukua hiyo?"

"Ili nimwogeshe?"

Hakimu akagonga meza. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomwudhi Itto kuliko kicheko. "Sikiliza, mama. Sheria inakuruhusu kuizuia hatari iliyo mbele yako, kwa kiasi cha hatari yenyewe. Mtu akishageuka anaondoka, hatari imekwisha. Ukimpiga anayeondoka, hujitetei tena wala humtetei mwenzako. Unaadhibu, na kuadhibu ni kazi yetu."

"Mheshimiwa, ukimwagiwa maji ya moto, utayapokea kwa uso?"

"Jibu unaloulizwa."

Wakili aliyepewa na mahakama, kijana mwenye haraka, alimnong'oneza kwamba sheria si mbaya. Inataka mtu mmoja tu aseme: alikuwa ametukabili, alikuwa na kisu, alikuwa anakuja. Mmoja! Itto alifurahi. Chumba kile kilikuwa na wanawake wa kujaza basi.

Waliitwa. Mmoja alisema alikuwa ameziba uso. Wa pili aliziba uso. Mke wa mwalimu alisema siku ile hakwenda hamamu kabisa, na Itto alikuwa amemtoa taka za wiki nzima kwa mkono wake. Kusema nilimwona Bouazza ni kusema Bouazza aliniona, na nyumbani kuna mume. Hao Itto aliwadharau tu, kama unavyodharau maji machafu yanayokwenda zake.

Kisha akaja Ghizlane, amevaa vizuri, hatazami kushoto alikokaa Itto.

"Ulimwona mumeo akiingia na kisu?"

"Nilikuwa na sabuni machoni."

Sabuni nyeusi ya hamamu hupakwa mwilini. Hata mtoto hapakwi machoni. Lakini hakimu hajui hamamu ya wanawake, akaandika: sabuni machoni. Wiki ile ile Bouazza alitoa talaka kimyakimya na kumwachia Ghizlane mtoto. Ghizlane alinunua uhuru wake, na bei yake ilikuwa Itto. Shukrani ya punda ni teke, ila punda hajui alitendalo.

Itto alipotoka gerezani, mwenye hamamu alimwambia hataki mfungwa miongoni mwa wake za watu. Sasa anaosha sufu mtoni, maji ya barafu, na vidole vyake havikunjiki. Lalla Zhor, mama yake Ghizlane, alimwendea na kichwa cha sukari, bonge gumu lenye ncha, katika karatasi yake ya buluu, kama wanavyopeana watu wanaotaka yaishe.

"Tusameheane, dada yangu. Msichana alikuwa na mtoto wa kufikiria."

"Nami nilimfikiria huyo mtoto, ndiyo maana ana mama. Chukua sukari yako, Lalla Zhor. Sikuidai sukari."

Wakili alishasema: kesi inaweza kufunguliwa tena siku atakapojitokeza shahidi wa kweli. Mahakama ipo, haijahama, na mlango wake uko karibu na duka anakonunua mkate Ghizlane kila asubuhi. Hapo ndipo anapodaiwa. Aingie, asimame mbele ya hakimu, aseme: alikuwa ametukabili, alikuwa na kisu, alikuwa anakuja. Hajasema bado.