Chakula cha dharura kilivyonifanya nimbebe baba mkwe mgongoni

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Wiki hii kuna mwenzetu kaleta uzi humu anasifia vile vyakula vya pakiti vilivyogandishwa na kukaushwa, vya "kujiandaa na dharura" na vya kupigia kambi. Comments zote ni "napataje mkuu" na "niunganishe". Nimesoma mpaka mwisho nikaona nikikaa kimya nitakuwa mnafiki.

Hii sio chai. Mke wangu yumo humu kwa ID ambayo sitaitaja, nikiongeza chumvi ataniumbua mwenyewe.

Mimi ni fundi wa majokofu, naishi Mkolani. Kazi yangu naitaja makusudi kwa sababu ndiyo iliyoniingiza mkenge.

Jamaa mmoja aliniita Ilemela nikamtengenezee friza. Anajiita Kamanda. Suruali ya kijani yenye mifuko mingi, buti, filimbi shingoni. Nikajua huyu ni mstaafu wa jeshi.

Baadaye nilikuja kuambiwa kabla ya hapo alikuwa anauza magodoro Shinyanga. Tuendelee.

Nikiwa nafungua friza akanipa kipande cha nanasi. Kikavu, chepesi kama karatasi. Nikakiweka mdomoni, utamu wote upo!

Akaanza kunieleza. Chakula kinagandishwa kwanza, halafu kinaingizwa kwenye mashine inayonyonya hewa, barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Kinachobaki kinakaa miaka ishirini na tano. Ukitaka kula unamwagia maji ya moto, unafunga pakiti, dakika kumi na tano chakula tayari.

Wakuu, kwa fundi wa baridi hayo ni mahubiri. Miaka yote nahangaika na gesi na kompresa ili nyama ya watu isioze siku mbili umeme ukikatika, halafu mtu ananiambia kuna nyama haihitaji friji kabisa. Niliondoka pale nimeokoka.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye semina yake. Ukumbi umejaa. Kamanda anapita katikati ya viti anauliza kwa sauti ya chini, "Ziwa likifurika? Barabara ikikatika? Mwanao akikuambia baba nina njaa, utampa nini?"

Yaani tumekaa Mwanza, mtu ana gunia la mahindi nyumbani, ana mihogo shambani, dagaa wamejaa kila soko, lakini wote tumeshika vifua kama tunakufa njaa kesho. Na mimi nimo. Nilitoka na katoni nne. Bei sitaitaja, bado nina ndoa.

Mke wangu alifungua pakiti moja akachungulia.

"Baba Tumaini, hiki ni nini?"

"Wali kuku."

"Kuku yuko wapi?"

"Yumo humo. Amekaushwa."

Akasoma ile tarehe ya mwisho, akaniangalia, akarudi jikoni. Nyie mliooa mnajua kule kurudi jikoni.

Nisiwe muongo, hicho chakula kinalika. Ukifuata maelekezo, wali unakuwa wali. Ila kina chumvi nyingi. Na pakiti imeandikwa ni ya watu wawili, nadhani walimaanisha wawili waliotoka kula harusini.

Sasa kuna baba mkwe wangu. Dereva wa malori mstaafu, anaishi Buhongwa, anakaribia sabini, ana presha na anakunywa dawa zake vizuri. Ni mtu wa maneno machache, na tangu nimuoe binti yake sijawahi kujua kama ananikubali. Akasikia habari za katoni. Akanipigia.

"Mkwe wangu, naambiwa umejaza chakula cha ajabu ndani."

"Shikamoo baba. Ni cha dharura tu."

"Marahaba. Siku moja nitakuja nikione."

Siku hizohizo Kamanda akatangaza kambi ya mafunzo kisiwani, Jumamosi mpaka Jumapili, karibuni na familia. Hapo nikajiona nina akili. Nikamwalika baba mkwe. Ukweli ni kwamba nilitaka anione mbele za watu nikiwa mtu anayejua mambo. Mke wangu alikuwa na kazi siku hiyo, tukaenda wawili.

Asubuhi tuko ufukweni, watu kumi na wawili. Kamanda anapuliza filimbi, anakagua mabegi. Amri yake ni kwamba hakuna kuingia kisiwani na chakula cha nje. Baba mkwe alikuwa na mfuko wa kitambaa, mama mkwe amemfungia michembe, yale matembele... hapana, samahani, simu inaandika yenyewe. Viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Na karanga.

"Mzee, hii hairuhusiwi," Kamanda akasema.

"Hiki ni chakula changu, kijana."

"Ndiyo maana ya mafunzo, mzee wangu. Tuache mambo ya kizamani."

Akamvua mfuko begani, akampa mlinzi wa pale ufukweni. Watu wakacheka kidogo. Baba mkwe akanigeukia mimi.

Mimi nikainama nikajifanya nakaza mkanda wa life jacket.

Mtumbwi wa injini ukatuchukua kama saa moja na nusu. Kisiwa chenyewe kina mawe makubwa na vichaka. Kamanda akatuambia hakuna binadamu anayeishi pale, tuko sisi na Mungu. Tukafunga mahema, mwenye mtumbwi akageuza, kesho saa sita atatufuata.

Mchana tukala. Jioni tukala. Dada mmoja mwalimu alimwaga maji ya moto bila kutoa kile kipakiti kidogo cha kunyonya hewa, akaja kukikuta mdomoni. Kamanda akamwambia hakidhuru. Kwenye pakiti imeandikwa kwa herufi kubwa, USILE.

Tatizo likaanza taratibu. Kila pakiti inakunywa vikombe viwili vya maji. Kamanda alipiga hesabu ya maji ya kunywa, yale ya kumwagia chakula akayasahau. Mtaalamu wa dharura huyo! Ukila ile chumvi unataka maji, na maji yameshaenda kwenye chakula. Maji ya ziwa yapo pale mbele yetu mpaka upeo wa macho, ila bila kuchemsha nani anayataka na kichocho chake?

Jumapili asubuhi gesi ya makopo ikaisha. Na mvua ilikuwa imenyesha, kuni zote zimelowa. Tukahangaika na viberiti mpaka vikaisha, moshi mtupu.

Saa nne upepo ukaongezeka, ziwa likachafuka. Mwenye mtumbwi akapiga simu, leo haji, hawezi kuua watu.

Wakuu, nikaona sura ya Kamanda inabadilika. Akapuliza filimbi. Akasema hii sasa ndiyo dharura yenyewe, mna bahati, wengine wanalipia kozi hawaipati. Akatuamuru tule pakiti zikiwa kavu.

Mmewahi kutafuna wali kuku mkavu? Ni kama kula sponji yenye chumvi. Wali wenyewe unanyonya mate yote mdomoni halafu unaingia tumboni kutafuta maji mengine. Baba mkwe alikula. Nilimwambia aache, akasema, "Si ndicho ulichoniitia?" Akaendelea kutafuna taratibu akiangalia ziwa. Dawa zake alimezea funda la mwisho la maji yetu.

Saa nane mchana akaniambia kichwa kinamuuma kwa nyuma. Akasimama, akayumba, akakaa chini kwa nguvu. Macho mekundu. Anasema anaona giza.

Nikakimbia kumtafuta Kamanda, yeye alikuwa na chupa yake kubwa ya maji. Hayupo. Mwenzetu mmoja akasema ameenda kukagua mazingira tangu saa saba.

Nilichanganyikiwa. Nikawa nawaza nitamwambia nini mke wangu. Kwamba baba yako nimemuua kwa wali wa pakiti?

Yule dada mwalimu ndiye aliyeona moshi nyuma ya kilima. Moshi wa jiko la mtu. Nikamshika baba mkwe mkono tukaanza kupanda. Nusu ya njia miguu ikamgoma. Nikachuchumaa mbele yake.

"Baba, panda mgongoni."

"Wewe ni mkwe wangu. Haiwezekani."

"Baba, nakuomba."

Wasukuma wenzangu mnajua uzito wa jambo hilo. Hata kula naye sahani moja nilikuwa naogopa. Akapanda. Nilihisi moyo wake unagonga mgongoni kwangu na nilikuwa nalia, jasho lilinisaidia hakuona.

Tulipofika juu nikaangalia chini.

Kuna mwalo mzima wa wavuvi! Nyumba za mabati, mitumbwi imevutwa mchangani, dagaa wameanikwa, duka lina soda. Watu tele. Hicho ndicho kisiwa kisichokaliwa na binadamu.

Tukashuka mpaka kwenye kibanda cha kwanza, cha mama lishe mmoja wanamwita Mama Kulwa. Na kwenye benchi lake, wakuu, amekaa Kamanda. Filimbi ameitupia mgongoni isiingie kwenye mchuzi. Mbele yake ugali wa muhogo, sato mzima wa kuchemsha, pilipili pembeni. Jasho linamtoka kwa raha.

Akaniona. Tonge likabaki hewani.

"Nafanya tathmini ya vyanzo mbadala vya chakula," akasema.

Naapa hayo ndiyo maneno yake.

Sikuwa na muda naye. Mama Kulwa alishamuona mzee. "Kalibuni, mlaze hapa kivulini," akasema, akatandika kanga, akamwita binti wa duka la dawa aje na mashine yake ya kupimia. Presha ilikuwa juu mno. Yule binti akauliza mzee amekula nini, nikampa pakiti iliyokuwa mfukoni. Akasoma nyuma, akaniangalia kama mtoto aliyechezea kisu.

"Kaka, mtu wa presha unampa hiki siku mbili? Na maji hana?"

Akaagiza alale, anywe maji kidogo kidogo, na kama baada ya saa moja presha haijashuka wavuvi wamvushe kwenda kituo cha afya hata kama ziwa ni baya. Vijana wawili wakaanza kuandaa mtumbwi bila kuulizwa. Saa ile moja sitaisahau. Presha ikapimwa tena, imeanza kushuka. Mama Kulwa akampa uji mwepesi usio na chumvi.

Wenzetu wakaanza kufika mmoja mmoja wakifuata harufu ya samaki. Mama Kulwa akaigeuza ile pakiti mkononi.

"Hiki mnakila vipi?"

"Unamwagia maji ya moto," nikamjibu.

"Sasa mwenye moto na maji na sufuria, si asonge ugali tu?"

Semina nzima, katoni nne, na swali hilo hakuna aliyeuliza.

Jioni hiyo, jua bado lipo, baba mkwe akakaa. Nikapiga magoti nikaomba msamaha kwa kumlisha takataka.

"Chakula si kitu," akasema. "Nimeendesha lori mpaka Kongo, nimekula vibaya kuliko hivyo. Kilichoniuma ni pale ufukweni. Mtu ananivua mfuko wangu, na wewe unaangalia mkanda."

Nikainama tena, safari hii bila mkanda wa kukaza.

Jumatatu asubuhi ziwa lilitulia, tukarudi, nikampeleka hospitali, wakambadilishia dawa. Anaendelea vizuri.

Mngedhani imeishia hapo. Baada ya wiki mbili naona tangazo la Kamanda. Picha ya baba mkwe kisiwani, ameshika pakiti, imepigwa ile Jumamosi mchana kabla ya yote. Maneno: "Mzee huyu alinusurika siku tatu kisiwani kwa chakula chetu."

Nikaenda Ilemela kwenye semina yake. Ukumbi umejaa kama kawaida. Alipofika kwenye "mwanao akikuambia ana njaa" nikasimama. Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu. Nikaeleza kama nilivyowaeleza nyie, kuanzia mfuko wa mzee mpaka presha.

Kamanda akatabasamu. "Kila darasa lina mwanafunzi aliyefeli."

Watu wakacheka. Nikabaki nimesimama hivyohivyo. Nikamuuliza kitu kimoja tu, kwa sauti.

"Kamanda, Jumapili ile mchana, wewe mwenyewe ulikula nini?"

Akashika filimbi. Akaomba mtu afungue madirisha. Akasema maswali mwishoni. Mama mmoja mstari wa mbele akamwambia, "Mjibu kwanza." Kamanda akaenda kufungua madirisha mwenyewe. Yule mama akabeba mkoba wake akatoka, wakamfuata wengine kama kumi. Waliobaki walibaki, na najua walinunua. Picha ya mzee ilitolewa siku hiyohiyo.

Nilichojifunza: hivyo vyakula kwenye kupanda mlima mrefu vinaweza kufaa, kwa mtu mwenye maji ya kutosha na figo za chuma. Ila akiba ya dharura ambayo haina maji wala moto ni mapambo. Mwenye presha asiguse kabla ya kusoma nyuma ya pakiti. Na mtu akikuambia sehemu haina watu, zunguka kilima uangalie mwenyewe. Hilo la ufukweni mimi naendelea kujifunza, sijafika.

Baba mkwe nilimuomba ruhusa kabla ya kuandika. Akasema jina lake nisiliweke, mengine yote niyaweke.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaotaka kunicheka nichekeni, nimeshazoea nyumbani. Ila najua humu kuna mwenye katoni chini ya kitanda na mkewe hajui. Mkuu, jitokeze tu. Mimi nimeshatangulia.