Kanzu Kumi na Saba kwenye Ua wa Gereji

Niseme mapema kwamba mkosa ni mimi, sina wa kumsingizia (siku yenyewe nilijaribu kumsingizia mtu, mtasikia), kwa hiyo mkicheka chekeni kwa raha zenu, maana Mambrui nzima imeshacheka na mimi bado nakula na kulala.

Kwetu ni Vitengeni, kazi yangu ni ufundi wa magari, na gereji yangu iko Mambrui kwenye kiwanja cha Bi Rukia, mama mtu mzima, mjane, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya mteremko. Kabla ya kumpata yeye nilizunguka karibu mwaka mzima na spana zangu kwenye gunia, kila mwenye kiwanja akisikia gereji anafikiria oili na makelele, ananitakia safari njema. Bi Rukia alinipa, kwa sharti moja tu, kwamba oili isimwagwe mtaroni, kwa sababu mtaro ule unapita mlangoni kwake. Nikaapa. Na kusema kweli kwa miaka mitatu nilikuwa mtu wa maana, oili chafu naimimina kwenye pipa, na kila likikaribia kujaa anakuja Mzee Charo, fundi wa nyumba za makuti, anaichukua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Sasa Bi Rukia akawa anamwoza mwanawe, mke anatoka Takaungu, na wageni wa Takaungu (watu wa kofia za kushonwa kwa mkono na maneno machache) wangeegesha magari yao kwangu. Ijumaa asubuhi nikafagia, nikapanga matairi, nikaficha injini mbovu nyuma ya choo. Pipa lakini lilikuwa limejaa hadi juu, Mzee Charo alikuwa ameenda matangani kwao, na mbele yangu kulikuwa na karai mbili za oili niliyotoka kuitoa kwenye lori, hazina pa kwenda. Nikautazama mtaro. Ulikuwa mkavu, majani tupu, na juu hakuna hata wingu la kusingizia. Nikajiambia ni karai mbili tu, mchanga utainywa, nani atajua. (Hiyo "nani atajua" ikiwajia kichwani, ndugu zangu, kaeni chini kwanza mnywe maji.) Nikamwaga, nikaoga, nikavaa kanzu.

Kanzu yenyewe alinishonea Bi Rukia. Mimi ni Mkristo, lakini alisema siku hiyo mimi ni wa nyumba yake, na wanaume wa nyumba yake watavaa sare. Neno lile lilinifurahisha mno, nikawa natembea taratibu kama bwana harusi mdogo.

Wanaume walipokwenda msikitini kwa nikaha baada ya Alasiri, nikabaki kutandika majamvi chini ya turubai, na mahali nilichagua mwenyewe, pale bondeni karibu na mtaro penye upepo. Ndipo ikaja mvua, kubwa, ya kama nusu saa, halafu ikakatika. Turubai lilistahimili, majamvi juu makavu, wageni wakarudi wakisema mvua ni baraka, wakavua viatu, wakaketi, na sinia za pilau zikaanza kuja. Hakuna aliyeona kwamba mtaro umeziba kwa yale majani, na maji yametafuta njia nyingine, polepole, chini ya majamvi.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mjomba wa bibi harusi, mzee mwenye heshima zake, akienda kunawa. Nyuma ya kanzu yake, pale pa kukalia, palikuwa na duara jeusi linalong'aa, kubwa kama sinia. Jirani yake akainuka kumnong'oneza, naye akawa na lake. Akainuka wa tatu kuwanong'oneza wale wawili. Kwa muda kila mtu alikuwa anamhurumia mwenzake, mpaka mikono ikaanza kwenda nyuma kupapasa na kurudi myeusi.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasimama katikati ya karamu, nikakohoa, nikasema kwa sauti kwamba huu ni uchafu wa mtu, na mtu huyo ajulikane leo leo. Karai zangu mbili nilikuwa nimezisahau, au tuseme nilikuwa nimejisahaulisha. Na kwa kuwa watu walikuwa wananisikiliza vizuri, nikaongeza kwamba kuna watu wanaosha magari juu huko na maji yao hatujui yanakwenda wapi. Waosha magari Mambrui ile ni mmoja tu, Athumani, tunatazamana ng'ambo ya barabara, na Athumani alikuwa jamvi la pili, kanzu yake nyeusi nyuma kama zetu.

Hakugombana. Alisema tu, "Maji yangu nayazamisha shimoni, Karisa. Njooni muone."

Basi tukaenda, wanaume kumi na saba kwa mstari, na aliyeongoza ni mimi, nimekunja pindo la kanzu, nafuata maji yenye rangirangi kama mpelelezi. Kwa Athumani tukakuta shimo la kokoto na mchanga, maji yamezama, safi, hata povu hakuna. Na ule mstari mweusi haukuingia kwake hata kidogo, ulipita ng'ambo ya barabara ukaendelea kupanda. Nikaanza kupunguza mwendo. Ulipanda mpaka kwenye ua wa gereji, ukaishia kwenye karai mbili nilizozifudikiza mwenyewe ukingoni mwa mtaro ili zichuruzike vizuri, mimi mtu wa usafi.

Yule mjomba akauliza kwa upole, "Gereji hii ni ya nani?"

Wote wakanitazama mimi. Nikasema ni yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nilipogeuka Bi Rukia alikuwa amesimama nyuma yetu na kanga yake, amesikia yote.

"Karisa, nilikuomba jambo moja," akasema. "Miaka mitatu umeniwekea ahadi, leo umeivunja mbele ya wakwe zangu. Kanzu hizi utazifua wewe, kwa mikono yako, uzianike kwenye ua wa gereji zionekane barabarani. Madoa yakitoka, utakaa. Yasipotoka, kusanya vyombo vyako."

Pilau ililiwa kwa fulana na vikoi, na niwaambie ukweli, ilichangamka kuliko ingekuwa na kanzu. Mjomba aliongezewa mara mbili. Mimi nilikuwa naliona lile gunia langu la spana tu.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Oili ya lori haina adabu, nikiisugua kanzu moja doa linahamia kanzu ya pili. Magari ya Malindi yanapita yanapiga honi, wateja wangu wenyewe wanapunguza mwendo wahesabu. Kufika saa tano nilikuwa na kanzu kumi na saba za kijivu na nimekata tamaa kabisa.

Athumani akavuka barabara na ndoo na dumu la sabuni yake ya kuoshea injini. Hakuinama.

"Jana ulinitaja mbele za watu," akasema. "Leo niombe radhi mbele za watu."

Watu walikuwepo, barabara nzima. Nikasimama na povu hadi viwikoni, nikamwomba radhi kwa sauti ileile niliyomshtakia. Akaketi, akavuta kanzu ya kwanza, akanionyesha sabuni inavyopakwa kavu kabla ya maji, na maji ya kufulia tukayapeleka kwenye shimo lake, mtaroni halikwenda hata tone.

Alasiri Bi Rukia akapanda na miwani yake, akazipitia moja moja. Ya mjomba aliigeuza mara tatu juani. Akauliza madoa yametolewa na nini, na ulimi ulitaka kusema juhudi zangu, lakini nikasema ni sabuni ya Athumani.

Akaikunja ile kanzu, akaiweka kwapani. "Basi kaa," akasema. "Lakini kaa ukijua ni sabuni ya nani iliyokubakisha."

Nimekaa. Siku hizi mapipa ni mawili na yana vifuniko, kila gari lina sinia la bati chini yake, oili ikidondoka naimwagia unga wa mbao na kuuzoa kabla haijafika popote. Na siku nikishikwa na uvivu nikasema karai moja tu, nikiinua macho namwona Athumani ng'ambo, anaosha gari la watu, hana habari na mimi, na naona haya upya kama juzi, naibeba karai yangu narudi nayo pipani.