Mukate wa Bila Chumvi

Tangu tension, ule ugonjwa wa damu kupanda, ilipomuua muke wa muzee, jirani mushonaji anamupikia muzee kila mangaribi. Nyama ya kusaga anaikamua mafuta, anaichanganya na mashu, ni kusema kabichi, na karoti za Lubero, anaiingiza katika mukate. Vidole vyake, vyenye alama za sindano, havitulii. Chumvi anaishika, anaitazama, anairudisha.

«Papa, dawa umekunywa?»

«Mara ya tatu unaniuliza! Na hii nyama, hata paka ataikataa.»

Mushonaji hakucheka. «Mama, muke wako, naye alisemaka vile siku nilimupikia, nikamuongezea chumvi.»

Ile siku ni muzee mwenyewe alimupatia mushonaji kikopo cha chumvi. Akaula mukate wote.

«Kesho, mwanangu, utengeneze mikate mbili. Tutakula pamoja.»