Usiwashe Mashine kwa Beseni Moja

Niliondoka Mutshatsha kwa sababu ya pipa la mazutu. Mashine ya kusaga ya dada yangu Odette ilikuwa ikinywa mafuta mengi mno, na hilo lilikuwa pipa la mwisho. Likiisha, angefunga.

"Kamutafute Tata Mukendi kule Kolwezi," aliniambia. "Ye njo alitufungia hii mashine hapa. Umuombe akuye aiangalie."

Alfajiri nilingoja kando ya lori la makaa. Dereva alijaza magunia, kisha akapandisha watu sita juu yake. "Gari ikikuwa nusu, haiondoke," alisema.

Saa saba mchana nilifika Kolwezi. Mtaani kwa Mukendi milango mingi ilikuwa imepigiliwa misumari. Mwoka mikate mmoja alikuwa amekwisha kutoa mikate yake, sasa anaingiza karanga zikaangwe kwa joto lililobaki. Nilipotaja jina la Mukendi alitazama huku na huku, akanionyesha stesheni kwa kidevu. "Bakasai bote beko kule. Banabafukuza."

Stesheni, familia zilizofukuzwa na wenyeji zilikaa kati ya magodoro na sufuria, zikingoja treni ya kuwapeleka Kasai, walikotoka wazee wao. Mukendi, fundi wa pampu katika shimo moja la shaba, alikuwa amekalia sanduku lake la vyombo.

"Banasema nirudie kwetu," alisema. "Mi nilizaliwa hapa! Kule hata stesheni yake siiyue."

Nilimweleza shida ya Odette.

"Siwezi kukuya. Treni ikifika na mi siko, bibi na batoto bataenda peke yao. Mashine inalia namna gani?"

Nikauiga mlio. Mkewe alicheka hadi akafunika uso kwa kitenge.

"Iko muzima," alisema Mukendi. "Munaiwasha mara ngapi ku siku?"

"Kila mama akifika na beseni yake ya mahindi, Tata. Ni haya kumungojesha muntu."

"Njo ile inamaliza mazutu! Usiwashe mashine kwa beseni moja. Ngoja ikuwe mingi, saga yote, zima."

"Na pampu ya shimo yenu, nayo munaizima?"

"Pampu ni ingine. Haizimwe. Chef mupya alizima juu ya kuchunga mazutu. Nilimukataza, akasema Mukasai hawezi kumufundisha kazi." Alifuta vumbi kwenye sanduku. "Sasa shimo imejaa maji."

Kesho yake nilirudi na lori lilelile. Odette akachagua Jumanne na Ijumaa kuwa siku za kusaga.

"Odette, sasa umekuwa serikali?" alinung'unika Mama Jeanne, jirani yetu.

Lakini wiki zilipita na pipa bado lilikuwa zito. Nilikuwa nimejifunza kwamba kila kazi ina namna yake ya kuokoa mafuta, na aliyeijua ya kwetu na ya shimoni sisi wenyeji tulikuwa tumemkalisha juu ya sanduku lake stesheni.

Ijumaa moja Mama Jeanne aliuliza, "Nani alikufundisha hii?"

"Tata Mukendi. Mukasai," Odette alijibu kwa sauti.

Mama Jeanne alisogeza beseni lake nyuma ya mengine, akanigeukia.

"Na treni yao," aliuliza, "ilifika?"

"Nilibaacha banaingoja," nilisema. Odette akawasha mashine.