Udongo wa Jiko la Mama

Juzi mjukuu wangu Skola alinionyesha volkano kwenye kitabu chake cha jiografia, mlima unaofuka moshi kileleni. Nikakumbuka mchana mmoja shambani kwetu, ambako leo ni mtaa mzima wa nyumba za bati. Mimi na dada Yustina tulikuwa tunabomoa kichuguu, tupate udongo wa kusiriba jiko la mama. Ulinuka masizi, nami nikadhani mchwa nao hupika.

Babu Kasiano akaja, akaokota bonge, akalinusa.

“Wajukuu zangu, hili ni tanuru. Humu tuliyeyusha chuma, mimi na baba yangu.”

“Shikamoo, babu,” nikasema, huku nikificha jembe nyuma yangu.

“Marahaba.”

Kisha akatusaidia kubeba ule udongo hadi nyumbani. Afadhali angetuchapa.