Sekela, mdomo wangu wa kuonjea pombe za Mbeya

Bado sijafuta namba yako, Sekela. Jana nimeipiga kabisa, nataka kukuuliza kitu kuhusu ulezi. Imeita kidogo ndo nikakumbuka.

Kwa ambao hamkumjua: Sekela alikuwa rafiki yangu. Tulifanya kazi wote kiwanda cha chai huku Mufindi, shift moja, baadaye akarudi kwao Mbeya. Presha imemchukua wiki iliyopita. Hakuugua muda mrefu.

Maneno makubwa siyajui. Naandika tu yale ninayoyakumbuka.

Mwaka juzi nilimwambia nataka kufungua kilabu changu hapa Igowole. Sio cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulanzi kila mtu anao, na kiangazi mianzi ikikauka watu wanabaki wanatazamana. Nilitaka ile pombe ya ulezi ya kwao, kimpumu, inayochanganywa na maji ya moto na kunyonywa kwa mirija kwenye chungu kimoja.

Akanijibu, "Mama Baraka, panda basi uje. Hiyo kitu haifundishwi kwa simu."

Nikaenda na Baraka mgongoni, bado ananyonya.

Siku akiwa off tunazunguka vilabu. Mwanjelwa, Soweto, mpaka Uyole. Yeye alikuwa anaita inspection! Anaingia, anapiga goti kidogo kuwasalimia wazee, anakaa, halafu anatangaza, "Tumekuja inspection. Mgeni wangu katoka Iringa."

Mimi sikuwa nakunywa kwa sababu ya mtoto. Akasema, "Wewe nyonyesha. Mimi ndo mdomo wako."

Basi ananyonya mrija, anafumba macho, ananiambia. Hii ulezi haukuota vizuri. Hii wameiharakisha. Hii tamu, mama mwenye nayo ana subira. Mimi nasikiliza kama watu wanaosikiliza mpira redioni.

Kilabu kimoja cha Soweto nilipewa mrija nishike tu, nisionekane najitenga. Sasa mimi kwetu nimezoea kikombe. Nikaukoroga ule mrija chunguni kama nakoroga sukari. Machicha yote yakapanda, mirija ya watu ikaziba.

Babu mmoja akautoa wake mdomoni, akauangalia, akaniangalia. "Huyu mwanamke katoka wapi?"

"Iringa, babu," Sekela akasema. "Msamehe. Kwao pombe inadondoka yenyewe kwenye mwanzi, hawajui kazi."

Babu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikaletewa mrija mpya.

Ila kwenye pombe mbaya Sekela hakuwa na huruma. Uyole kuna mama alikuwa anaongeza maji ya moto kila watu wakigeuka. Sekela akavuta mara moja, akauliza, "Mama, hii ni pombe au maji ya kuoga?"

"Kama hutaki usinywe!"

"Sinywi mama, naoga."

Tulifukuzwa. Tukatoka tunacheka, Baraka analia.

Siku ya kuondoka, stendi, akanishika mkono. "Ukipika ya kwanza nani anaonja?"

"Wewe."

"OK. Usimuuzie mtu kabla sijaja."

Nikachelewa. Mara mtoto homa, mara mashamba. Mwezi huu ndo nikaanza kweli. Ulezi nilishauotesha, nikausaga, nikaukanda, uko kwenye ndoo unachachuka. Simu ikaja. Alikuwa mdogo wake Sekela. Hakulia. Alisema tu, "Dada, Sekela hatunaye."

Mama mkwe akasema nimwage, hiyo pombe ina mkosi. Sikumwaga. Nikafunga ndoo kwa nailoni nikapanda nayo basi. Konda akauliza ni nini, nikamwambia mzigo wa msiba.

Baada ya kuzika nikampelekea mama yake Sekela. Nikamweleza ilivyokuwa, kwamba ya kwanza ilikuwa aonje yeye, kwamba alikuwa ndo mdomo wangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaagiza chungu na maji ya moto. Nikamimina mwenyewe, pombe kisha maji.

Akanipa mrija.

"Hapa aliyeleta ndo anaanza," akasema. "Na ule mdomo tumeuzika leo, mwanangu. Tumia huo ulionao."

Baraka ameshaacha ziwa. Sikuwa na pa kujifichia. Nikanyonya, wanawake wote wananiangalia.

Nikasema, "Mama, hii ni maji ya kuoga."

Sikupanga kusema hivyo. Ndo ilivyokuwa, nilijaza maji mengi.

Mama akaangua kicheko, huku machozi yanatoka. "Jamani, huyu si Sekela huyu! Hata mimi alikuwa ananiambia hivyohivyo, nyumbani kwangu!" Wenzake nao wakacheka. Akachukua mrija wake, akavuta, akakaa nayo mdomoni kidogo.

"Ulezi umeota vizuri," akasema. "Punguza maji. Utauza."

Basi Jumamosi nafungua, hapa Igowole, nyuma ya mashine ya kusaga. Mkipita karibuni, mirija ipo. Msikoroge tu.

Sekela, nimepika nyingine kwa ulezi uliobaki. Maji nimepunguza. Leo asubuhi nimeonja mwenyewe, nimefumba macho kama ulivyokuwa unafanya. Ni nzuri. Sio ile ya yule mama mwenye subira, bado. Lakini ni pombe.

Inspection niachie mimi sasa. Wewe pumzika, rafiki yangu. Ulale vizuri.